Mama anapigiwa simu kuhusu kadi ya bima

Dada, umeuliza mama afanye nini na huyo anayempigia akidai kadi yake ya bima ya afya imefungwa, eti ataje namba ya uanachama ifunguliwe. Akate simu. Halafu apige mwenyewe namba iliyochapishwa kwenye kadi, siyo ile aliyotumiwa kwa meseji.

Kinachowanasa wazee mara nyingi si ujinga, ni adabu. Wanaona aibu kumkatia mtu anayewaita "mama" kwa upole. Mpe basi jibu la kushika: "Mambo ya bima anashughulikia mwanangu." Na namba ya siri ikiingia kwa meseji asimsomee mtu, hata anayejiita daktari.

Wizi mwingine hauji kwa simu. Kliniki inatangaza vipimo vya bure, inachukua kadi, kisha inadai bima malipo ya huduma ambazo mgonjwa hakupata. Kama bima yake ina kikomo cha mwaka, siku akiumwa kweli ataambiwa fedha zimeisha. Asisaini fomu tupu. Kila akitoka hospitali aandike kwenye daftari tarehe, alichofanyiwa na dawa alizopewa. Taarifa ya madai, yaani orodha ya huduma ambazo bima imedaiwa kwa jina lake, ikija, kaeni mlinganishe mstari kwa mstari. Mkiona kipimo msichokijua, ulizeni bima siku hiyohiyo.

Kuhusu kuielewa bima yenyewe, usimsomee kijitabu chote, atasinzia (hata mimi husinzia). Mweleze hospitali zipi zinapokea kadi, nini hakilipiwi, na matibabu gani yanahitaji kibali cha bima kwanza.