Jirani ameshambuliwa kwa sababu ya kabila lake

SWALI: Vijana wamempiga jirani yetu hapa Mathare, Nairobi, na kuvunja kibanda chake, wakimtukania kabila. Tumsaidieje bila kuchochea kisasi?

JIBU: Kwanza matibabu. Polisi wampe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio kituoni, na fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ambayo daktari huijaza. Kibanda kipigwe picha kabla hamjafagia. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Matusi yaandikwe yalivyotamkwa: uchochezi wa kikabila ni kosa chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ya 2008.

Kisha kaeni naye. Msimlazimishe kusimulia, wala msimhimize asamehe. Hapo ndipo wema wengi huharibika, maana aliyeumizwa huhisi uchungu wake unawasumbua. Mwulizeni anahitaji nini leo: unga, mbao, mtu wa kumsindikiza kituoni? Akikosa usingizi, apige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Kama kuna video ya shambulio, msiisambaze. Jamaa za washambuliaji wasiguswe, na watoto wao waendelee kucheza na wenu. Kikao cha maridhiano kingoje mpaka akitake mwenyewe, nayo kesi iendelee.