Usimwambie ajikaze: kumlea mwanafunzi wa unasihi aliyeumia

Ninasimamia wanafunzi wa unasihi, yaani kazi ya kumsikiliza mwenye shida hadi aione njia yake mwenyewe, wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Moshi, na wengi wameichagua kazi hii kwa sababu ya yaliyowakuta. Yupo aliyelelewa na bibi baada ya wazazi kufariki kwa UKIMWI, kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004. Yupo aliyekimbia ndoa ya vipigo. Hawa huwa wasikivu sana, nami nawapenda, lakini wasipopata mtu wa kuwashika mkono watavunjika.

La kwanza, usimlazimishe asimulie. Sikubaliani kabisa na ule mtindo wa kuwakalisha wanafunzi duara na kumtaka kila mmoja afunguke. Moshi ni mji mdogo. Alichosema darasani asubuhi, jioni shangazi yake anakisikia sokoni Mbuyuni. Mimi kabla ya kuwagawia wateja humwuliza kila mmoja faragha: "Kwa sasa, ni mteja wa namna gani usingependa kukaa naye peke yako?" Sababu siulizi. Akitaka ataisema mwenyewe.

Kazi ikianza, tazama anavyomhudumia mteja. Kidonda kikiguswa, mtulivu huanza kukimbilia kutoa ushauri. Au anapitiliza muda, anampa mteja namba yake binafsi, anamtumia nauli. Usimgombeze. Mwulize, "Mteja aliposema lile neno, wewe ulisikia nini mwilini?" Mwaka 1910 Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliziona hisia hizi zinazoamshwa na mgonjwa ndani ya mtabibu kama kizuizi anachopaswa kukitambua na kukishinda, mwaka 1950 Paula Heimann, mtabibu wa fani hiyo hiyo, akiwa London, akaandika kwamba zinaweza pia kumsaidia kumwelewa mgonjwa. Naegemea kwa Heimann, ila kwa sharti moja: mwanafunzi awe ameshajua kipi ni chake na kipi ni cha mteja. Hilo huchukua muda, na halijifunzwi kwa kuambiwa "jikaze".

Ukimwona anahitaji kutibiwa, usimtibu wewe. Anayempa alama hawezi kuwa huyo huyo anayemfutia machozi, maana mwanafunzi atachagua maneno akiogopa kufeli. Mtafutie mnasihi asiyefundisha chuoni kwenu. Kwa kuwa wengi hawana fedha, mwombe mapema akubali vikao vichache kwa bei nafuu au bure.

Desemba iangalie kwa namna ya pekee. Wachaga wanarudi nyumbani, na makaburi ya wazazi yako pale pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka mlangoni. Januari simpangii mtu mteja mwenye msiba kabla hatujaongea, hata akisema yuko salama.

Kuna atakayehitaji kusitisha mafunzo kwa muhula mzima. Ruhusa hiyo iandikwe kwenye taratibu za mafunzo tangu siku ya kwanza, kwa wanafunzi wote, ili atakayeitumia asionekane ameshindwa wala asilazimike kueleza mbele ya kamati kilichomsibu.