Mume wangu yuko kwenye mionzi ya koo na hataki tena kula

SWALI: Mume wangu, mwenye umri wa miaka 58, ana saratani ya koo na yuko wiki ya tatu ya mionzi hapa Dar es Salaam. Kinywa kimejaa vidonda, nyama anasema ina ladha ya chuma, na uzito umeshuka kutoka kilo 60 hadi 57. Ndugu wananitaka nimnyime sukari na nyama, nimpe juisi ya mboga tu, eti nisiulishe ugonjwa. Nifanyeje? Mama J., Temeke.

JIBU: Mama J., pole kwa kuuguza. Ushauri wa ndugu zako, ingawa unatokana na mapenzi, usiufuate. Haijathibitika kwamba kumnyima mgonjwa sukari hudumaza uvimbe (kama ana kisukari, hilo ni suala jingine), bali inajulikana kwamba anayekonda sana huchelewa kupona vidonda na huweza kulazimika kukatiza tiba. Hata kile kinyago cha plastiki kinachokishikilia kichwa chake wakati wa mionzi kilitengenezwa kwa umbo la uso wake. Akikonda kinalegea, na huenda akahitaji kupimwa upya.

Mtu wa uzito wake huhitaji takribani kilokalori 1,800 na protini gramu 72 hadi 90 kwa siku, kiasi ambacho juisi ya mboga haikikaribii, wala uji mwepesi. Uji upikwe kwa maziwa, utiwe karanga zilizosagwa laini sana, kijiko cha mafuta, na yai lililopigwa liivie humo. Mtori uliosagwa na parachichi lililopondwa kwenye maziwa pia vinafaa. Nyama ikimshinda, mpe samaki asiye na miiba. Ale kidogo kidogo, mara sita au zaidi, chakula kikiwa vuguvugu au baridi, bila ndimu wala pilipili, na daktari akimwandikia dawa ya maumivu, aulize kama anaweza kuinywa nusu saa kabla ya kula.

Kwa kuwa ameshapoteza asilimia 5 ya uzito, waulizeni wahudumu wake wiki hii kuhusu mpira wa kulishia. Wengi huuogopa kama ishara ya kukata tamaa, ilhali huwekwa ili tiba ikamilike. Na akiwa nao aendelee kumeza kile anachoruhusiwa, kwani misuli ya koo isiyotumika hudhoofu. Akipaliwa mara kwa mara, akipata homa au mkojo ukipungua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Vidonda huweza kuzidi hata wiki mbili baada ya mionzi ya mwisho, kwa hiyo usiuache uji huo siku atakayomaliza.