Wamemvalisha koti la marehemu

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ya roki. Tulianza watu 5 tukiwa bado shuleni, na kwa miaka 11 hatukuwahi kubadilisha mtu. Mwimbaji wetu, rafiki yangu kuliko ndugu, alifariki ghafla miezi 14 iliyopita. Nyimbo zetu nyingi tulizitunga wawili, yeye maneno, mimi muziki, na jukwaani mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia kwenye vibwagizo.*

*Mwezi uliopita mpiga besi alituletea kijana wa miaka 22. Anaimba kama marehemu, Shangazi. Ukifumba macho utaapa ni yeye. Wenzangu walilia kwa furaha. Wiki iliyofuata mpiga dramu akaja na koti la ngozi la marehemu, lile alilolivaa kila shoo, akamvalisha yule kijana. Lilimpwaya. Nikazima amplifaya nikaondoka, na mpaka leo sijamsemesha.*

*Tumealikwa kwenye tamasha baada ya miezi 3. Mwandaaji anataka jina lilelile na nyimbo zilezile. Wenzangu wanasema naua bendi. Mimi naona wao ndio wanamuua rafiki yangu mara ya pili. Mama yake hajaambiwa chochote. Kwenye simu yangu kuna nyimbo 6 alizojirekodi ambazo hazijatoka, na sijathubutu kuzifungua. Je, bendi iliyofiwa na mwimbaji ina haki ya kuendelea, au jina lizikwe na mwenyewe?*

*Aliyezima amplifaya*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Miezi 14 ni mingi kwa aliyekuja kuhani akarudi kwake. Kwa aliyebaki ndani ya msiba ni kama juzi.

Jibu lako nalitanguliza ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: ndiyo, bendi inaweza kuendelea, na mimi nasema iendelee. Ila mlichofanya siku ile ya koti hakikuwa kuendelea. Mlikuwa mnajaribu kumrudisha aliyekwenda kwa kutumia mwili wa mtu mwingine. Wewe uliliona hilo kabla ya wenzako, na hukukosea. Ulikosea pale ulipoondoka bila kuwaambia ulichokiona.

Barua yako nimeisoma mara 3, na kila nikiisoma namfikiria yule kijana. Wewe unamlilia rafiki yako, wenzako wanailinda bendi, mwandaaji anataka tamasha lijae. Huyu wa miaka 22 ana nani hapo? Ameingia kwenye chumba cha watu waliofiwa, amepewa koti linalompwaya, akalivaa, kwa sababu mgeni hakatai anachopewa na wenyeji. Mnamsifu kwa sauti isiyo yake. Akiimba vizuri, sifa zinakwenda kwa marehemu. Akikosea noti moja, mtasema mwenzake asingekosea. Na wewe, mtu pekee mle ndani anayejua kila wimbo ulitungwaje, humsemeshi. Hilo limeniuma, mwanangu, nakwambia wazi.

Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alifariki London mwezi Februari 1980, akiwa na miaka 33. Mwezi Julai mwaka huohuo bendi ikatoa albamu ya Back in Black ikiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson. Miezi mitano tu. Watu hupenda kuutaja mfano huu ili kuthibitisha kwamba inawezekana, wakaishia hapo, ilhali somo lenyewe liko kwenye namna walivyofanya. Msiba hawakuuficha: jalada lilikuwa jeusi tupu, na wimbo wa kwanza ukafunguliwa kwa mlio wa kengele. Halafu Johnson hakupewa madaftari ya Bon aimbe yaliyomo. Alishiriki kuandika maneno ya albamu ile, akaimba kwa koo lake lenye mikwaruzo, na akapanda jukwaani na kofia yake mwenyewe, ile bapa ambayo mpaka leo ukiiona unajua ni yeye. Inasemekana Bon mwenyewe aliwahi kumsikia Johnson akiimba na bendi yake ya zamani, akamsifu kwa wenzake. Lakini waliyemchukua hakuwa kivuli cha Bon.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana wenu si kama anaweza kuimba kama marehemu. Hilo mmeshaliona. Mwulizeni akiwa peke yake chumbani kwake huwa anaimba nini, na kwa sauti gani. Huenda hajawahi kuwaonyesha sauti yake kwa sababu hakuna aliyeiomba. Mpeni wimbo mpya ambao marehemu hakuwahi kuugusa, tena maneno aandike yeye. Mkikuta kwamba bila kumwiga marehemu hana kitu, basi mwambieni kwa heshima kwamba si yeye mnayemtafuta, mapema, kabla hajazoea kuishi kwenye nafsi ya mtu mwingine. Mkikuta ana kitu, mmepata mwimbaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mtu asiyempa hata salamu.

Sasa nikurudie wewe. Kuna sentensi umeiandika ukaipita mbio: kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukimwitikia. Miaka 11 sauti yako imekaa chini ya yake. Kwenye vibwagizo vile watu walikuwa wakisikia watu wawili, hata kama walidhani wanamsikia mmoja. Halafu anakuja kijana, anaitoa sauti ya rafiki yako ilivyokuwa, na koo lako linataka kumwitikia kama lilivyozoea. Mimi nadhani hicho ndicho kilichokufanya uzime amplifaya. Ulijikuta unakaribia kumjibu.

Tena nakuuliza jambo ambalo si lazima unijibu mimi: kuna mtu kwenye bendi aliyewahi kukuuliza kama wewe ungependa kuimba?

Layne Staley, mwimbaji wa bendi ya Alice in Chains, alifariki Aprili 2002. Mpiga gitaa wao, Jerry Cantrell, alikuwa kama wewe. Alitunga sehemu kubwa ya nyimbo, na zile sauti mbili zilizosukana, yake na ya Layne, ndizo zilizokuwa alama ya bendi. Walikaa kimya miaka. Kuanzia 2006 wakawa na William DuVall, na albamu yao ya kwanza pamoja naye ikatoka 2009. Sikiliza walivyojipanga. Cantrell alisogea mbele akaimba zaidi, DuVall akaimba pamoja naye, na wimbo uliobeba jina la albamu, Black Gives Way to Blue, ukawa wa kumuaga Layne. Kusukana kwa sauti kulibaki, waliosukana wakabadilika. Zilipita miaka 7 tangu kifo mpaka albamu hiyo. AC/DC ilipita miezi 5. Kwa hiyo akija mtu kukwambia kuna muda maalumu wa kusubiri, usimsikilize.

Sisemi uwe wewe mwimbaji mkuu. Nasema nafasi ya marehemu si lazima ikaliwe na mtu mmoja. Hata wale wa bendi ya Joy Division, mwimbaji wao Ian Curtis alipofariki Mei 1980, waliobaki walijaribu kuimba wote kwa zamu kabla ya mpiga gitaa, Bernard Sumner, kuishika kazi hiyo. Na wao ndio wanaonisaidia kukujibu kuhusu jina.

Walikuwa wameshakubaliana tangu mapema kwamba mmoja wao akiondoka, jina lile halitatumika tena. Wakalitunza neno lao. Wakawa New Order, wakaenda mpaka kwenye muziki wa dansi wa mashine ambao Joy Division haikuwahi kuufikia. Hata hivyo singo yao ya kwanza, Ceremony ya 1981, ilikuwa wimbo uliotoka enzi za Ian. Walibadili jina na bado wakamchukua wakaenda naye.

Bendi ya Queen walifanya vingine. Mwimbaji wao Freddie Mercury alifariki Novemba 1991, na walipokuja kuzunguka tena na waimbaji wengine, Paul Rodgers kwanza kisha Adam Lambert, kwenye mabango waliweka alama ya kujumlisha: Queen + Adam Lambert. Alama ndogo, lakini inamweleza mnunuzi wa tiketi ukweli wote. Kwenye shoo zao kuna wakati mpiga gitaa wao, Brian May, anakaa na gitaa peke yake, Freddie anaonekana kwenye skrini akiimba, na Lambert hayupo mbele. Hakuna anayejifanya. Na kumbuka mpiga besi wao, John Deacon. Tangu 1997 hajapanda nao jukwaani. Aliona kwake imekwisha, akakaa pembeni, wenzake wakaendelea, na hawakugeuka maadui. Mlango huo hata wewe unao. Ukijaribu kwa moyo mweupe ukaona huwezi, toka, lakini utoke ukiwa umeaga.

Kuhusu bendi yenu, kama ningekuwa na kura ningesema tamasha hilo mlifanye kwa jina la zamani, iwe mara ya mwisho, na mtangaze hivyo. Baada ya hapo mtafute jina jipya. Mlianza watoto wa shule watano. Jina lile ni la wale watano. Wenzako wakikataa, sitawaita wasaliti, ila yaandikeni makubaliano yenu sasa hivi mkiwa bado mnaongea: jina ni la nani, na mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya maneno aliyoyaandika marehemu, inamfikiaje mama yake. Waliobaki wa bendi ya The Doors walifikishana mahakamani miaka zaidi ya 30 baada ya kifo cha mwimbaji wao Jim Morrison, mpiga dramu akiwashtaki wenzake wawili kwa ajili ya jina hilo, na mahakama ikampa ushindi yeye. Marafiki wa ujanani, mbele ya hakimu. Sitaki mfike huko.

Mwandaaji anataka nyimbo zilezile? Mwambieni atapata baadhi. Chagueni pamoja na kijana zile anazoweza kuziimba kwa namna yake, ikibidi kuushusha wimbo uendane na sauti yake, shusheni. Nyingine zipumzike. Na mmoja, ule ambao kila mtu anajua ni wa marehemu, upigeni bila mwimbaji. Lynyrd Skynyrd walipoteza mwimbaji wao Ronnie Van Zant kwenye ajali ya ndege ya Oktoba 1977. Waliporudi barabarani 1987, mdogo wake Johnny ndiye aliyeimba, lakini walipofika kwenye wimbo wa Free Bird kipaza sauti kilisimama peke yake katikati ya jukwaa, bendi ikapiga, na maneno yakatoka kwa watu. Mdogo mtu, damu moja, aliona wimbo ule haumwiti yeye. Mashabiki wenu wanayajua maneno. Waachieni.

Limebaki la mama, na hapa sina upole. Iweje mwanawe apatiwe mrithi, koti la mwanawe livalishwe mtu, na yeye hajui? Atakuja kuliona kwenye video iliyorekodiwa na mtu kwa simu. Fikiria amekaa, anaona lile koti linatembea jukwaani, na sauti ya mwanawe inatoka ndani yake. Huo ni ukatili, hata kama hamkuukusudia. Nendeni kwake, wote wanne. Msimwombe ruhusa ya kupiga muziki, hiyo ni yenu. Mwombeni baraka, na mwelezeni mnachotaka kufanya kabla hamjakifanya.

Na zile nyimbo 6. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi ya The Cranberries, alifariki Januari 2018, akiacha sauti alizojirekodia kwa ajili ya albamu iliyokuwa inaandaliwa. Wenzake walikwenda kwanza kwa familia. Walipopata baraka, wakaingia studio na kupiga vyombo chini ya sauti yake, albamu ikatoka 2019, wakaiita In the End, kisha wakalifunga jina la bendi. Wewe huhitaji kuamua leo nyimbo hizo zitakuwa nini. Unachohitaji ni kutozisikiliza peke yako. Zifungue ukiwa na mama yake. Huenda anaitamani sauti ile kuliko wewe, na hajui kwamba iko mfukoni mwako. Lakini leo, kabla ya yote, ziweke nakala mahali pengine pawili, maana simu huibiwa na simu hufa.

Kabla ya mazoezi yajayo mpigie yule kijana, mwonane nje ya chumba cha mazoezi, bila vyombo. Mwombe radhi kwa ule ukimya. Msimulie marehemu alikuwa nani, vituko vyake, hasira zake, kwa sababu hawezi kuimba karibu na mtu asiyemjua. Kisha mwambie alivue lile koti, akupe. Lipeleke kwa mama yake wewe mwenyewe, kwa mikono yako, na siku hiyohiyo umpe ile simu asikilize.

Niandikie ukirudi.

Shangazi