Kompyuta za serikali zimefungiwa stoo, tufanyeje?

SWALI: Mhariri, shuleni kwa mwanangu serikali ilileta kompyuta 20 mwaka juzi, siku ya kukabidhiwa tukapiga na picha, saa hizi ziko stoo zimefunikwa nailoni na kibodi moja nimeiona haina herufi A wala M. Kosa liko wapi jamani?

JIBU: Pole sana mzazi, inauma. Mara nyingi shida inaanzia kwenye bajeti yenyewe, pesa inatengwa ya kununua mashine tu halafu umeme, intaneti, fundi na mafunzo ya walimu vinasahaulika, na mwalimu ambaye hajafundishwa anaogopa hata kuiwasha asije akaambiwa kaiharibu. Peru iligawa laptopu zaidi ya 800,000 shuleni, utafiti uliotoka 2012 ukakuta watoto hawajapanda kwenye hesabu wala lugha. Sasa kwenye kikao cha wazazi ulizeni waranti inaisha lini, maana ikishapita hamna wa kuwatengenezea bure, na muombe bajeti ijayo iwe na fungu la matengenezo kila mwaka. Hizo zilizopo zitoeni stoo hata kesho, kama ni laptopu zikikaa bila kuchajiwa betri zinakufa.