Maswali na Majibu: Kipimo Kinapogusa Mpaka

Shafti yetu inatakiwa iwe kati ya milimita 20.00 na 20.10. Maikromita, kifaa cha kupimia unene, imesoma 20.098. Msimamizi anasema imepita. Ni sawa?

Iliyopita ni namba; shafti yenyewe bado hatujui. Kila kipimo kina shaka yake: kifaa, mkono wa mpimaji, joto, vumbi kwenye nyuso zinazobana. Tuseme mmekokotoa shaka hiyo mkapata milimita 0.01 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake ukubwa halisi unaweza kufika 20.108, na uwezekano wa kuwa nje ya mpaka ni kama theluthi moja. Ingesoma 20.10 kamili, ingekuwa nusu kwa nusu, sawa na kurusha sarafu.

Msogeze mpaka wa kukubali uingie ndani kwa kiasi cha shaka, yaani mkubali 20.01 hadi 20.09 tu. Shafti yenu iwekwe kando, ifutwe, iachwe ipoe, kisha ipimwe kwa kifaa kilicho bora zaidi.

Si tutatupa bidhaa nzuri?

Mtatupa baadhi, na hasara hiyo ni ya kweli. Mmekata 0.02 kwenye nafasi ya 0.10, moja ya tano nzima! Punguzeni shaka iwe nusu, mtapoteza moja ya kumi tu. Ndiyo maana huwa natetea bajeti ya vifaa vya kupimia.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 14253-1, kinachohusu kuthibitisha bidhaa kwa vipimo, kinambebesha shaka yule anayethibitisha. Muuzaji anayedai bidhaa ni sawa hujibana ndani ya mipaka. Mnunuzi anayeikataa naye aonyeshe kuwa imevuka mpaka hata baada ya kuhesabu shaka ya vipimo vyake. Zinazobaki katikati hakuna anayeweza kuzithibitisha, kwa hiyo mkubaliane kwenye mkataba kabla mzigo haujaondoka.

Nikipima mara nne nikachukua wastani?

Makosa ya kubahatisha yatapungua kwa nusu. Kosa la kudumu halitaguswa. Chuma cha milimita 100 kilichotoka mashineni na nyuzi 30 za Selsiasi, badala ya 20, joto la rejea la vipimo, kimerefuka kama milimita 0.0115. Kipime mara elfu kikiwa moto, jibu litakosea vilevile.

Halafu kuna tabia inayoniumiza sana: kurudia kupima zile tu zilizokataliwa, mpaka zisome vizuri. Hapo unasubiri kosa likuangukie upande wako. Idadi ya vipimo iamuliwe kabla ya kuanza, na iwe ileile kwa kila shafti.

Tumejaribu upimaji wetu wenyewe kwa wapimaji 3, sampuli 10, mara 3 kila mmoja: mtawanyiko wa upimaji, yaani tofauti kati ya vipimo vya kitu kilekile, umekula asilimia 27 ya nafasi inayoruhusiwa. Tuendelee?

Kwa desturi ya viwanda vya magari, chini ya 10 ni vizuri, juu ya 30 haifai. Kwa kifuniko cha plastiki ningevumilia 27. Kwa kipande cha breki, hapana.