Ujumbe Huvukaje Pengo Kati ya Neva na Neva?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba seli za neva hazigusani, na kwamba ujumbe unaosafiri kwa umeme ndani ya seli hugeuzwa kuwa kemikali ili uvuke pengo lililopo kati yao. Kwa nini umeme usiruke tu? Je, ni kweli pia kwamba baadhi ya dawa za kuulia wadudu hufanya kazi mahali hapo hapo? – Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Pengo unalolitaja, ambalo upana wake ni nanomita 20 hadi 40 hivi, ni sehemu ya kiungo kiitwacho sinapsi, jina lililoingia katika fiziolojia mwaka 1897 kupitia Charles Sherrington. Umeme wa neva hauliruki kwa urahisi kwa sababu majimaji ya chumvi yaliyomo huutawanya pembeni kabla haujapenya utando wa seli ya pili. Zipo sinapsi ambamo seli mbili zimeunganishwa kwa vitundu na mkondo hupita moja kwa moja, lakini hizo ni chache.

Kwamba kemikali ndiyo inayovuka, Otto Loewi alilionyesha mwaka 1921 kwa jaribio ambalo kwangu halijapitwa kwa urahisi wake. Alichukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa bado ikidunda, akaisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, kisha akachota majimaji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yake iliyosisimuliwa. Kemikali hiyo baadaye ilithibitishwa kuwa asetilikolini.

Sasa tuutazame umwagaji wenyewe. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vidogo mno, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha nanomita 40 hivi na kubeba maelfu ya molekuli za nyurotransmita, yaani kemikali ya kupitisha ujumbe. Baadhi yake huwa vimekwisha kuegeshwa kwenye utando, vikingoja. Msukumo wa umeme unapofika, hufungua milango ya kalsiamu. Na kwa kuwa kalsiamu iliyo nje ya seli huizidi iliyo ndani kwa takriban mara 10,000, ioni zake huingia kwa kasi. Hapo protini zilizo kwenye kifuko na zile za utando wa seli, ambazo zilikuwa zimeanza kujisokota pamoja kama nyuzi za kamba, hukivuta kifuko mpaka tando mbili zinaungana na shehena kumwagika pengoni. Yote haya huchukua muda usiofika milisekunde moja. Bernard Katz na wenzake walibaini katika miaka ya 1950 kwamba kemikali hutoka kwa mafungu yaliyopimwa, wala si kwa kuchuruzika.

Kuhusu kwa nini mwili ukubali mzunguko wote huu, jibu liko ng'ambo ya pili. Maana ya ujumbe huamuliwa na kipokezi kinachoinasa kemikali: asetilikolini ile ile iliyoutuliza moyo wa chura ndiyo inayoamrisha msuli wa mkono ukaze. Umeme unaopita vitunduni hauna uhuru huo.

Kemikali ikishapokelewa lazima iondolewe. Nyurotransmita nyingine, kama dopamini na serotonini, hufyonzwa kurudi kwenye neva, ilhali asetilikolini hukatwakatwa papo hapo na kimeng'enya maalumu. Hapa ndipo linapoingia swali lako la pili, na jibu ni ndiyo: dawa za jamii ya oganofosfeti hukizima kimeng'enya hicho, asetilikolini ikarundikana, na mdudu akafa kwa neva zisizonyamaza. Binadamu ana kimeng'enya cha aina hiyo hiyo, ndiyo maana aliyedhurika hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, misuli yake ikatetemeka kisha ikalegea, na pumzi ikawa shida. Hospitalini hupewa atropini, ambayo haiiondoi sumu bali huvikalia vipokezi vya moyo, vya tezi na vya njia za hewa ili asetilikolini isivifikie. Vipokezi vya misuli ya kupumulia ni vya aina nyingine na atropini haivigusi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua hata baada ya mate kukauka.